Kuku wa Mwalimu Grégoire

Baba alipokufa tulikaa karibu miezi mitano bila kuchinja kuku hata mmoja. Walizaana mpaka wakawa kero. Walilala juu ya magunia ya mpunga, walitagia ndani ya kapu la nguo, walipanda kwenye kiti cha baba na kukichafua, na hakuna aliyewakemea. Mama aliwafukuza kwa mkono mmoja bila kuwatazama. Mimi nilidhani ni msiba tu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilijua kusoma Kifaransa na kugawanya kwa desimali, na kwa hiyo nilijiona najua kila kitu.

Baba, Hippolyte, alianguka kutoka kwenye mchikichi mwezi wa pili, mwaka 1956, akikata mikungu. Kamba ya kupandia ilikatika. Alikaa siku mbili, akafa. Naeleza kwa kifupi kwa sababu hata nyumbani tulieleza hivyo. Watu walikuja wakalia, wakala, wakarudi kwao. Mama hakulia sana. Alikuwa kama mtu aliyeamka mchana na hajui ni asubuhi au jioni, nami nilikuwa hivyohivyo. Nilikwenda shule, nikarudi, nikapalilia pamba, nikala, nikalala. Ukiniuliza nilihisi nini miezi ile, nitakuambia sikuhisi kitu, na si uongo.

Kitu kimoja tu nilikitaka, na nilikitaka bila furaha, kama mgonjwa anavyotaka maji: kwenda shule ya Masista, Kasongo. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kabambare, kwenye njia ya Wamaza, na shule yetu iliishia darasa la tano. Mwalimu Grégoire, mtu wa Nyangwe, mwembamba, mwenye kikohozi na mashati yaliyopigwa pasi vizuri kuliko ya mtu yeyote, alikuwa amewaandikia Masista barua juu yangu. Walijibu kwamba nafasi ipo. Nifike mwezi wa tisa, na nije na karatasi yenye alama ya kidole cha mwenye mtoto.

Mwenye mtoto maana yake mwanamume. Baba akiwa hayupo, mwenye mtoto alikuwa mdogo wake, Baba Mdogo Placide.

Baba Mdogo Placide hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu miaka mingi kumfanya awe mbaya, nimeshindwa. Alitukatia nyasi za paa. Alipalilia pamba yetu kabla ya yake, ili wakaguzi wa pamba wa serikali wasitusumbue. Ila alikuwa na mke tayari, Léontine, na alimtaka pia mke wa kaka yake, kama desturi ilivyompa. Mama hakumwambia hapana. Alimwambia, "Nangoja," na akaendelea kungoja. Kwa Padri, mwanamke akiingia kwa mwanamume mwenye mke, hapokei tena Komunyo, na hilo kila mtu alilijua. Padri alikuja kwetu mara moja kwa mwezi kwa pikipiki yake, na Jumapili hiyo ndiyo siku pekee ambayo mama alitoka nyumbani bila kuvutwa. Alioga mapema, alifunga kitambaa kichwani, akaenda. Siku nyingine zote ilibidi tumwambie: Mama, kula, Mama, inuka.

Kuhusu ile karatasi, Placide hakukataa. Alisema tu, kila alipoulizwa, "Nitaweka kidole ku karatasi ya mutoto wa nani? Munionyeshe kwanza hii nyumba iko ya nani."

Basi karatasi ilikaa kwa Mwalimu, na mwezi wa saba ukafika.

Siku ya kusoma matokeo, proklamasio kama tulivyoiita, kila nyumba ilimletea mwalimu kitu cha kumshukuru. Mchele, karanga, chupa ya mawese. Hakuna aliyelazimishwa, lakini ole wako ukija mikono mitupu. Wiki mbili kabla, mama alikuwa akimenya muhogo. Akasema, "Mwalimu tutamupa mukeka."

"Mukeka iko nayo mingi," nikasema. "Watu wote wanamupa mukeka."

"Basi muchele."

"Muchele! Hata mutoto aliyeanguka darasa analeta muchele."

Mama hakuwa na nguvu ya kubishana. Kabla ya msiba angenirushia ganda la muhogo. Sasa alimenya tu. Nikamwambia kwamba wazazi wa Cécilia, aliyekuwa nyuma yangu kwa alama kumi na moja, walikuwa wamenunua kitambaa cha shati. Nikamwambia mwalimu ameniandikia barua kwa mkono wake, kurasa mbili. Nikamwambia kuku wamejaa mpaka kitandani.

"Kuku," mama akasema, kama mtu anayejaribu neno la kigeni. Kisu kilisimama. Kisha akasema, "Sawa. Utakamata jogoo mwekundu, utamufunga miguu, utamupelekea kwake. Atamuchinja yeye mwenyewe, kwake. Umenisikia? Kwake."

Nilimsikia. Lakini nilikuwa na kiburi, na kiburi cha yatima ni kikali kuliko cha tajiri. Kuku wa kufungwa miguu, kwa macho yangu, ndiye anayepewa askari, au mtu yeyote unayetaka aondoke mlangoni pako. Nyumba zenye heshima, mtoto wao akienda shule kubwa, zilimwita mwalimu nyumbani akala. Sikutaka watu waseme kwamba kwa marehemu Hippolyte sasa hata mgeni haalikwi. Kesho yake, darasa zima likiwa limesimama kwa sala ya kutoka, nikasema kwa sauti:

"Mwalimu, mama anasema siku ya proklamasio ukuje kula kuku kwetu."

Mwalimu Grégoire alifunga kitabu taratibu. "Mama yako amesema vile, yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Sawa," akasema. "Umuambie nitakuja."

Mchuma janga hula na wa kwao. Nilikuwa nimeshalichuma, na nilitembea nalo mpaka nyumbani nikiona nimefanya jambo.

Habari ilinitangulia. Shangazi Émérance, dada yake baba, alikuwa ameketi jikoni, mikono juu ya magoti. Mama alikuwa akipasua kuni na hakugeuka.

"Weye," Shangazi akasema, "umeita mwanaume mugeni mu nyumba ya mujane. Nani atakaa naye ku meza? Mama yako?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kwetu mwanamume mgeni hali peke yake kama mgonjwa, na mjane hakai naye sahani moja. Lazima mwanamume wa ukoo awepo.

"Baba Mudogo Placide," nikasema.

"Placide. Vema. Na kuku iko na firigisi ngapi?"

"Moja."

"Utamupa nani?"

Nilijua desturi hiyo kama ninavyojua jina langu, ila nilikuwa sijaifikiria tangu baba azikwe. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haili, mtoto haili. Haikatwi jikoni, hupikwa nzima na kuwekwa juu, upande wake. Mgeni hupewa paja. Akipewa firigisi, hupewa na mwenye nyumba kwa mkono wake, si na mwanamke. Mwanamke akimwekea firigisi mwanamume, amesema neno mbele ya watu, na neno hilo halihitaji tena mashahidi wengine.

Hapo ndipo nilipoelewa wale kuku wote. Haukuwa msiba. Mama alikuwa akiogopa kipande cha nyama kinachoenea kwenye kiganja. Siku atakayochinja, ingembidi ajue ni cha nani.

"Nitarudi kwa Mwalimu," nikasema. "Nitamuambia asikuje."

"Umuite mutu kula, kisha umufukuze?" Shangazi alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Hata mwizi hatumufanyi vile."

Mama akaweka shoka chini. "Mumuache," akasema. "Amekwisha kusema."

"Mwana akililia wembe, mupe," Shangazi akasema, akainuka, akajifunga kitambaa chake. Kabla jua halijashuka Placide mwenyewe alipita, akasimama uani, mtu wa kujisikia vizuri. "Nasikia niko na mugeni," akasema. Alisema niko na mgeni, si mko na mgeni. Mama alimpa maji ya kunywa.

Siku ya proklamasio nilisomwa wa pili katika darasa zima, wa kwanza kwa wasichana. Watu walipiga makofi. Mama alipiga makofi pia, sawa na wengine, hakuzidisha na hakupunguza. Nilimtazama nikingoja kujisikia furaha, nikaona heri niache kungoja. Tulirudi nyumbani. Placide alimchinja jogoo mwekundu, akanikabidhi akiwa amemshika miguu, akaenda kunawa.

Nilimnyonyoa, nikamkata viungo. Shangazi alikuja kuchukua moto, akainama karibu yangu kuliko ilivyohitajika. "Paka ni mingi mu hii kijiji," akasema, akaenda zake.

Nilielewa. Paka akiiba firigisi hakuna kesi. Wanaume wangekula, Placide angenuna, mama angeendelea kungoja. Na karatasi ingebaki kwa Mwalimu, kwa sababu nyumba ingekuwa bado haina mwenyewe.

Niliishika. Niliipasua, nikamwaga changarawe, nikabandua ile ngozi ya njano, nikaiosha mara mbili. Mama alikuwa kwenye chungu cha bugali, mgongo kwangu. Alikoroga muda mrefu, zaidi ya muda ambao bugali huhitaji. Sasa mimi ni mtu mzima na nimesonga bugali nyingi, na ninajua kwamba ilikuwa imeiva zamani. Alikuwa ananipa nafasi. Tundu la taka lilikuwa hatua tatu kutoka nilipochutama, na mbwa wa jirani alikuwa amelala palepale.

Nataka mnielewe vizuri, nisije nikajificha nyuma ya utoto. Nilijua. Nilijua kuhusu Komunyo, nilijua kuhusu Léontine, nilijua kwa nini kuku walijaa. Niliitia firigisi ndani ya chungu, nzima, nikamimina mawese juu yake.

Baadaye mama akauliza, bila kugeuka, "Firigisi iko wapi?"

"Iko mu chungu, Mama."

"Sawa," akasema. Alisimama kidogo na mwiko mkononi. Kisha akaenda kutoa bakuli zuri, lile la maua ya buluu.

Waliketi barazani, Mwalimu Grégoire kwenye kiti cha baba, ambacho nilikuwa nimekisugua kwa mchanga, na Placide kwenye kigoda, meza ikiwa kati yao. Walikuwa wameongea juu ya mvua na juu ya daraja lililovunjika kwenye njia ya Lusangi. Niliwanawisha mikono. Mwalimu alisali, akamwombea marehemu Hippolyte kwa jina. Mama akaja na bakuli, akapiga magoti kama inavyotakiwa, akaliweka mezani. Paja lilikuwa upande wa mgeni. Firigisi ilikuwa juu, peke yake, upande wa Placide.

Mama hakukosea kuliweka. Aliligeuza kidogo kwa vidole viwili, kuhakikisha.

Placide alitazama bakuli, akamtazama mama. Uso wake ulilegea. Nakumbuka nilifikiri kwamba alikuwa karibu kulia, na labda kweli, maana alikuwa amempenda kaka yake na alikuwa amengoja muda mrefu. Mwalimu naye alikuwa ameona. Mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea kwenye bugali, ukarudi.

"Mama Sidonie," akasema kwa sauti ya chini, "hata karanga zingenitosha."

"Mwalimu, kula," mama akasema. "Mutoto amepita. Tunakushukuru."

Placide akaichukua firigisi, akaiuma nusu. Nusu nyingine akamnyooshea Mwalimu, kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukishika kiwiko, kama mwenye nyumba anavyomfanyia mgeni anayemheshimu sana. "Karibu, Mwalimu. Mu nyumba yangu."

Asingeweza kukataa. Aliipokea, akaitafuna. Ni nyama ngumu kidogo, inataka meno, lakini haihitaji kutafunwa kwa muda mrefu vile. Alitafuna akitazama meza, na alipomeza akasema, "Asanti." Hakumtazama mtu. Hiyo ndiyo zawadi tuliyompa Mwalimu Grégoire kwa mwaka ule, nusu ya firigisi, na nadhani hakupewa nyingine nzito kama hiyo.

Walipomaliza, Placide mwenyewe akasema, "Ile karatasi uko nayo?"

Mwalimu alikuwa nayo kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, na kichupa cha wino. Placide alijifuta mkono kwa jani, lakini mawese hayatoki kwa jani. Karatasi ilipofika Kasongo ilikuwa na kidole kimoja cheusi na pembeni yake doa la njano, na Sista aliyeipokea aliinusa.

"Sasa Sidonie ni mutoto wangu," Placide akasema. "Atasoma mpaka atachoka." Na neno hilo alilitimiza, sina la kumdai.

Jumatatu shoka lake lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wetu. Baada ya hapo hakuna aliyetangaza kitu, na hakukuwa na haja. Léontine, aliyekuwa akipanda karanga na mama shamba moja, alipita njiani akatazama miguu yake. Kuku walianza kupungua. Mama alipika, alifagia, aliamka bila kuamshwa. Mtu wa mbali angesema amepona.

Wiki moja kabla ya safari nilishindwa. Tulikuwa kijitoni tukifua. Nikamwambia, "Mama, nitabaki. Nitamuambia Baba Mudogo mimi sitaki tena. Weye utarudi kukaa peke yako, Padri atakupokea."

Alikamua gauni langu mpaka maji yakaisha. Nilitaka anipige. Deni langu lingepungua kidogo.

"Kuku tulikwisha kula, Sidonie," akasema. "Ulete ile ingine."

Nikampa gauni la pili.

Jumapili ya mwisho Padri alikuja. Mama alioga mapema, akafunga kitambaa, tukaenda pamoja. Nilikuwa nimetumaini angebaki nyumbani, ili nisione. Tuliketi kwenye benchi la wanawake, la nne, mahali petu pa siku zote, yeye upande wa njia na mimi ndani. Aliimba nyimbo zote. Alikijua Kilatini chake chote na hakuruka neno.

Kengele ikalia, watu wakainuka kwenda mbele. Benchi letu likainuka. Mama hakuinuka. Alivuta magoti yake pembeni, akayageuza kuelekea njiani, ili nipate nafasi ya kupita.

Hapo ndipo nilipohisi kitu, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Ilikuwa aibu. Nyuma yangu Shangazi Émérance alikuwa anangoja nipite. Nami nikapita. Magoti yangu yaliyagusa ya mama, nikaenda mbele, nikapiga magoti kwenye udongo, nikafungua kinywa.

Niliporudi, aliyavuta tena magoti yake, nikakaa. Aliona gauni langu limeshika vumbi pale nilipopiga magoti, akainama, akalipangusa kwa kiganja, mara tatu nne, kwa sababu kesho yake ningesafiri nalo.